Nuhu Mbogo na Fedha za Sulhu

Ndugu zetu walioko Kisii na Nyamira hawajaisahau fitina iliyofuata uchaguzi wa mwisho wa 2007. Mpakani mwa Borabu na Sotik nyumba zilichomwa, na wengi waliofukuzwa Bonde la Ufa walirejea kwa jamaa zao mikono mitupu. Serikali ilipotoa fedha za kuwasaidia, waliokuwa kambini walitangulia kuandikwa. Waliostiriwa majumbani mwa ndugu walingoja miaka mingi. Kila tupitapo huko twaulizwa: baada ya watu wa nchi moja kupigana, mali ya umma hugawanywa kwa kipimo gani? Swali hilo ndilo lililotukumbusha maisha ya Nuhu Mbogo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna II wa Buganda, nduguye Kabaka Mutesa I. Mwaka 1888 nchi ile ilipasuka, Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki wakipigania kiti. Waislamu walimtawaza Kalema, kisha wakashindwa. Naye alipofariki, uongozi ukamwangukia Mbogo huko mafichoni, upande wa Bunyoro. Mwaka 1892 alikubali sulhu na Kapteni Lugard, na Waislamu wakapewa wilaya tatu. Mwaka uliofuata fitina ikazuka tena, wakabakiwa na moja tu, Butambala. Mbogo mwenyewe akaletwa huku kwetu pwani, Zanzibar, akakaa uhamishoni hata 1895.

Machi 1900 ukatiwa saini Mkataba wa Uganda, na hapa ndipo penye mazingatio. Kila nyumba ililipishwa kodi ya rupia 3 kwa mwaka, na kila bunduki rupia 3. Kabaka Daudi Chwa, mtoto mdogo wakati huo, aliwekewa pauni 1,500 kwa mwaka atakapokua. Wakuu wa wilaya pauni 200 kila mmoja, badala ya kujichukulia kwa raia kama ilivyokuwa ada. Mbogo aliandikiwa pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, kwa sharti aache haki nyinginezo alizodai. Tena ardhi maili za mraba 24, yake na wafuasi wake.

Baadhi ya watu humlaumu kwamba aliuza enzi. Sisi hatuoni hivyo. Aliyeshindwa vitani akiandikwa kwa jina lake na kiasi chake, hukosa sababu ya kurudi msituni, na Mbogo hakurudi. Lakini zile maili 24 ni chache mno zikilinganishwa na maili 8,000 walizogawiwa wakuu na watu binafsi wapatao 1,000. Na mkulima, ambaye rupia zake 3 ndizo zilizoujaza mfuko, hakuandikiwa kitu. Hata shamba alilolilima liliandikwa jina la mwingine.

Mbogo alifariki 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli, Kampala, ulipojengwa msikiti.