MKWAWA: NANI ALIJUA, NANI ALINYAMAZA?

Wadau, ukitoka Mbeya kwa basi kwenda Dar, baada ya kuiacha Ipogolo pale Iringa kuna sehemu inaitwa Lugalo. Wengi tunaipita tumelala. Jina tunalijua zaidi kwa ile kambi ya jeshi ya Dar. Leo naomba tumzungumzie Mtwa Mkwawa, ila zile hadithi za mikuki na mizinga tulizosoma shule ya msingi tuziweke pembeni kidogo. Mimi namwona kama mtu aliyejua thamani ya habari kuliko maadui zake, na mwishoni habari hiyo hiyo ndiyo iliyommaliza.

Siku hizi watu wa hesabu, uchumi na sosholojia wanakaa meza moja kuchunguza habari inavyopita kati ya watu. Mmarekani Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba habari mpya, tuseme ya kazi, mara nyingi huletwa na mtu mnayefahamiana juu juu tu. Rafiki yako wa chanda na pete anajua yale yale unayoyajua wewe! Mkwawa alikuwa ameshaliishi hilo zaidi ya miaka themanini kabla.

Jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, alizaliwa Luhota kama mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha temi ndogo ndogo zikawa Uhehe mmoja. Alipofariki, kama 1879, ikawa vurugu. Mwambambe akashika madaraka, kijana akakimbilia Ugogo, akarudi na watu wake na kumshinda. Kila eneo likawa na mtawala wa chini, mzagila, anayeripoti Kalenga. Na alioa koo nyingi, yaani kila ukoo ukawa na shemeji ikulu. Hapo habari hailali njiani, bwana.

Halafu kulikuwa na misafara. Wafanyabiashara wa pwani walipita na bunduki na nguo, wakarudi na pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Mkwawa alitoza hongo, na pale hakuna utakatifu wowote. Lakini kila msafara uliolipa uliacha pia maneno: nani yuko pwani, ana silaha gani, anaelekea wapi. Hao ndio wale wa kufahamiana juu juu.

Ndiyo maana mwaka 1891 Emil von Zelewski, waliyemwita Nyundo, alipopanda kutoka Kilwa na askari zaidi ya 300 na wapagazi wake, akichoma vijiji njiani, Kalenga walikuwa wanajua yuko wapi. Yeye alijua nini kuhusu wao? Karibu hamna. Aliwadharau kama watu wa mikuki tu, akaingia Lugalo bila wapelelezi wa maana mbele yake. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliojificha vichakani wakaibuka. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimpiga risasi ndege, na mlio ule ukachukuliwa kuwa ishara ya kuanza. Kwa dakika chache tu kikosi kilikuwa kimekwisha, Zelewski mwenyewe akiwemo. Wahehe nao walipoteza watu wengi, hilo huwa tunaliruka. Waliosalia, wachache waliokuwa nyuma, walirudi pwani na habari. Zanzibar ilikuwa na waya wa simu ya chini ya bahari tangu 1879, kwa hiyo Ulaya haikuchelewa kujua.

Wajerumani walijifunza. Oktoba 1894 Gavana von Schele alikuja na mizinga, na tarehe 30 boma la Kalenga likaanguka. Mkwawa akaponyoka. Karibu miaka minne hawakumpata! Tom von Prince, yule Bwana Sakarani, alijenga kituo kipya mwaka 1896, ndipo ulipoota mji wa Iringa wa leo. Vikosi vyake vilifika kambini kwa Mkwawa vikakuta ameshaondoka. Wanavijiji walimwachia chakula porini na ukiwauliza hawakumwona mtu. Mtandao ule ule uliokuwa unaleta habari sasa kazi yake ikawa kuzizuia.

Sasa hapa kuna jambo linaniuma. Prince alimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala Desemba 1896. Miezi miwili haikutimia, Wajerumani wakamuua kwa tuhuma kwamba anampa kaka yake taarifa. Alizipeleka kweli? Hata kama hakupeleka, kuwa ndugu tu kulitosha kumtia hatiani.

Upande wa Mbeya hali ilikuwa nyingine kabisa. Watemi wa Wasangu, wenye cheo cha Merere, walikuwa wamefukuzwa Usangu na Wahehe tangu enzi za Munyigumba, wakahamia Utengule ya Usafwa, karibu na mji wa Mbeya wa sasa. Wao waliungana na Wajerumani, na baadaye wakarudi kwao. Tuwaite wasaliti? Mimi siwezi. Aliyechomewa nyumba na Mhehe hakuwa na deni la kumnyamazia.

Prince hakuukata mtandao kwa ujanja mkubwa. Alitumia njaa. Mashamba na maghala yalichomwa, wanaomlisha Mkwawa wakaadhibiwa, na mwaka 1898 ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Waliobaki naye wakapungua mmoja mmoja. Julai 1898 doria ya sajenti Merkl ilimkamata kijana aliyekuwa akifuatana naye, naye akasema alipo na kwamba anaumwa. Walipofika Mlambalasi tarehe 19 Julai walikuta watu wawili wamelala chini. Merkl akapiga risasi kutoka mbali. Kumbe walikuwa wameshakufa, Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe. Kichwa chake kikakatwa.

Kikaenda wapi? Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu ndani ya miezi sita. Wajerumani wakasema hawalijui. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akachagua moja kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na ndugu wa ukoo. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, pale Kalenga. Kama ndilo lenyewe au la, mpaka leo watu wanabishana.

Wa Kalenga, Mlambalasi na Utengule, nyumbani kwenu mlisimuliwaje? Hasa kuhusu Mpangile. Waulizeni wazee halafu mshushe hapo chini.