Gallacher: Klabu zilivuna maelfu, yeye akaambulia pauni nane

MASHABIKI wa Newcastle United wanapowataja wafungaji wao wa enzi zote, majina ya Alan Shearer na Jackie Milburn hutangulia. Hata hivyo, hakuna kati ya hao wawili aliyefikia mabao 36 ya ligi ambayo Hughie Gallacher alipachika wavuni katika msimu mmoja, 1926-27.

Msimu huo Mskoti huyo, ambaye kimo chake kilikuwa futi tano na inchi tano tu, alikuwa nahodha, na Newcastle ikatawazwa mabingwa wa Uingereza. Tangu hapo klabu hiyo haijaonja tena taji la ligi.

Gallacher alizaliwa Februari 2, 1903 mjini Bellshill, eneo la migodi ya makaa ya mawe karibu na Glasgow. Aliingia mgodini angali kijana, na ni kandanda iliyomtoa shimoni. Alichezea Queen of the South kwa muda mfupi mnamo 1921, kisha Airdrieonians, aliyoisaidia kunyakua Kombe la Scotland mwaka wa 1924. Newcastle ilimnunua Desemba 1925 kwa pauni 6,500.

Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Everton, alifunga mawili. Dixie Dean alijibu kwa matatu upande wa pili na timu zikatoka sare ya 3-3.

Mabeki walimchezea rafu bila huruma, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Mapema 1928 alipigwa marufuku kwa miezi miwili kwa kumsukuma refa akatumbukia katika bafu lililojaa maji. Machi mwaka huo huo alikuwa katika kikosi cha Scotland kilichoinyuka Uingereza 5-1 uwanjani Wembley.

Alikuwa amefunga mabao 143 katika mechi 174 Newcastle ilipomuuza kwa Chelsea mnamo Mei 1930, kwa pauni 10,000. Kitita hicho kiliingia katika hazina ya klabu. Mchezaji mwenyewe, kama wenzake wote, hangeweza kulipwa zaidi ya pauni nane kwa wiki. Kanuni za ligi zilikataza.

Septemba 3, 1930 alirejea St James' Park akiwa na jezi ya Chelsea. Watu 68,386 walifurika kumtazama, idadi ambayo uwanja huo haujapata kuivuka.

Gharama za talaka zilimlemea, akatangazwa kufilisika mwaka wa 1934. Safari ikaendelea: Derby County kwa pauni 2,750, Notts County, Grimsby Town, na hatimaye Gateshead, ng'ambo ya mto kutoka Newcastle. Vita vya 1939 vikafunga ukurasa wake wa uchezaji.

Alibaki Gateshead, akifanya kazi za hapa na pale. Alifiwa na mkewe wa pili, na mnamo 1957 akashtakiwa kwa kumtendea mwanawe ukatili. Juni 11, siku moja kabla ya kufika kortini, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Kikomo cha mishahara, ambacho kufikia wakati huo kilikuwa kimepanda hadi pauni 20 kwa wiki, kilifutwa mwaka wa 1961.