Alidina Visram: kutoka misafara ya wapagazi hadi garimoshi

Kabla ya lori na kabla ya reli, mzigo wa kwenda bara ulibebwa kichwani na begani. Mpagazi mmoja alichukua kilo 30 hivi. Kwa hesabu hiyo, tani 10 za nguo, shanga na waya zilihitaji wapagazi zaidi ya 300, bila kuhesabu walinzi na wabeba chakula. Safari ya kutoka pwani hadi Buganda ilichukua miezi, na mtaji wote ulikuwa umelala njiani.

Hiyo ndiyo biashara aliyoikuta Alidina Visram alipofika Bagamoyo mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12 hivi kutoka Kera, Kachchh, India. Alijifunza kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyewapatia wasafiri na wafanyabiashara wapagazi na bidhaa. Baadaye akaendesha misafara yake mwenyewe, akipeleka nguo na kurudisha pembe za ndovu. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Alidina akabaki miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo.

Lakini biashara yenyewe ilikuwa imeanza kufa. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa. Mwaka 1899 ikafika Nairobi, na Desemba 1901 ikafika Kisumu, mji ambao wakati huo ulihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa misafara, ikaanza kupoteza mizigo.

Mtu mwenye mali nyingi katika misafara angeweza kungoja aone kama reli itashindwa. Wako Waingereza wengi walioamini kwamba itashindwa. Alidina hakungoja. Reli ilipokuwa bado inajengwa, alifungua maduka kuifuata, kituo baada ya kituo, akiwauzia chakula na mahitaji vibarua waliotoka India. Makao makuu ya biashara yake yakawa Mombasa. Huko Kampala alikuwa tayari na duka kabla garimoshi halijafika ziwani, kwa hiyo mizigo ilipoanza kumiminika ilimkuta na ghala, makarani na wateja.

Jambo ambalo wasafirishaji watalielewa upesi ni lile la behewa la kurudi. Pembe za ndovu zilikuwa na thamani kubwa kwa uzito mdogo, ndiyo maana zilivumilia gharama za wapagazi. Reli ilitaka uzito. Alidina akaanza kununua ngozi, ufuta, karanga, na baadaye pamba, iliyoanza kulimwa kwa ajili ya soko la nje nchini Uganda mwaka 1903. Akaweka viwanda vya kuchambua pamba. Bidhaa ambazo zamani hazikulipa hata nauli ya mpagazi zikawa biashara. Katika Ziwa Victoria, ambako meli za mvuke zilikuwa zimeanza kazi, aliendesha vyombo vyake pia.

Malipo nayo yalibadilika. Makauri yalikuwa yakiondoka sokoni Uganda na rupia kuingia, lakini benki zilikuwa bado hazijafika sehemu nyingi. Kwa kuwa alikuwa na maduka pwani na bara, hati iliyotolewa na duka lake moja iliweza kulipwa na lingine. Hata maofisa wa serikali waliitumia huduma hiyo. Msafiri hakulazimika tena kubeba fedha njia nzima.

Si wote waliovuka salama. Wapagazi wengi, wakiwemo Wanyamwezi waliojijengea jina katika kazi hiyo kwa miongo mingi, waliona njia zao kuu zikichukuliwa na reli. Hawakuwa na ghala wala mkopo wa kuanzia upya, na wengi wakaishia kutafuta vibarua mashambani au kwenye reli yenyewe.

Alidina alifariki Mombasa mwaka 1916 kwa homa, baada ya safari ya kibiashara Kongo. Biashara ikaenda kwa mwanawe Abdulrasul, ambaye naye hakuishi muda mrefu. Katika miaka ya 1920 kampuni ilianguka, matawi yake yakafungwa au kuingia mikononi mwa wengine, wakiwemo waliowahi kuwa makarani wake. Shule yenye jina lake, iliyojengwa na Abdulrasul, bado iko Mombasa.