Mangi Meli wa Moshi na Nyumba Yake

Wasomaji walio mlimani Kilimanjaro wamelisikia jina la Mangi Meli tangu utoto. Leo twawasimulia na walio mbali. Alikuwa mwana wa Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Rindi alikuwa mtu wa maarifa: mwaka 1885 alifanya mapatano na Wadachi, na mwaka 1889 akatuma wajumbe mpaka Berlin. Alipofariki mwaka 1891 Meli alishika umangi, naye angali kijana.

Urafiki ule haukudumu. Juni 1892 askari wa Wadachi wakapanda Moshi, wakiongozwa na von Bülow. Meli akawapiga, na Bülow mwenyewe akafa kwa jeraha. Lakini Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi, Moshi ikashindwa. Tangu hapo Meli alikuwa mangi chini ya boma.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 akashtakiwa ya kuwa anafanya shauri pamoja na wakuu wengine ili kuwaondoa Wadachi. Wengi waliozichunguza habari hizo huona ya kuwa shitaka lilitoka kwa wapinzani wake mlimani penyewe. Tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa mtini huko Old Moshi, na wengine 18 pamoja naye, miongoni mwao Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Wazee husimulia ya kuwa alikawia sana kukata roho, tena ya kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya.

Asione mtu ya kuwa hiyo ni hadithi tu. Siku zile Felix von Luschan, mtunzaji katika nyumba ya makumbusho ya Berlin, aliwaomba maofisa na waganga waliokuwa makoloni wampelekee mafuvu ya watu, apate kuyapima. Nayo yakapelekwa kwa maelfu.

Mchaga humzika mtu wake katika kihamba, kati ya migomba, na wajukuu hukua wakilijua kaburi lile. Nyumba ya Meli ilikuwa na mti tu wa kuonyesha. Mjane wake alimsimulia mjukuu mambo yale, na mjukuu akayashika. Nao watoto wa mlima huo walifundishwa Injili na watu wa taifa lile lile lililowanyonga baba zao. Kanisani jambo hilo halikusemwa sana. Jioni, penye moto, lilisemwa.

Zaidi ya miaka 50 mjukuu yule aliziomba serikali zimtafutie kichwa cha babu yake. Mwaka 2018, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, akakubali vinasaba vyake vipimwe, yaani zile alama za ukoo zilizomo mwilini mwa kila mtu. Vikalinganishwa na vya mafuvu yaliyodhaniwa kutoka Moshi. Hakuna hata moja lililokuwa la Meli.

Mwaka 2023 wenye makumbusho ya Berlin wakatangaza ya kuwa, katika mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki waliyoyachunguza, matatu yameonekana kuwa na jamaa walio hai Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa Akida, nalo likajulikana kuwa la mshauri wa Mangi Meli. Wajukuu wa mshauri walipata jibu. Nyumba ya Mangi mwenyewe mwaka ule haikupata.