Mtakatifu Augustino na Kuta za Mji

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, kaskazini mwa Afrika, katika nchi ambayo leo huitwa Aljeria. Mama yake alikuwa Mtakatifu Monika. Augustino alipotea miaka mingi, kisha akabatizwa mwaka 387. Baadaye akawa askofu wa Hippo, mji ulio kando ya bahari.

Siku zile Roma ilitawala nchi nyingi. Mji wa Roma ulizungukwa na ukuta wa kilometa 19, wenye minara mingi. Kwa muda wa miaka karibu 800 hapana adui aliyeuteka. Kwa hiyo watu waliutumainia ukuta wao, wakadhani Roma haitaanguka kamwe. Lakini usiku mmoja wa mwaka 410 lango lilifunguliwa, na jeshi la mfalme Alaric likaingia. Ukuta ulikuwa ungali umesimama, lakini mji ulikuwa umekwisha kutekwa.

Wakimbizi wengi walivuka bahari, wakafika Afrika wakilia. Wapagani waliwalaumu Wakristo kwa sababu ya msiba ule. Ndipo Augustino alipoandika kitabu kikubwa kiitwacho Mji wa Mungu. Aliwafundisha watu ya kuwa miji ya dunia hupita, hata ikiwa na nguvu nyingi. Mji wa Mungu haupiti.

Mwaka 430 Wavandali waliuzunguka mji wa Hippo. Askari walilinda kuta. Augustino hakuwadharau askari, maana kazi yao ni njema. Wala hakukimbia, bali alikaa pamoja na watu wake na kusali. Katika mwezi wa tatu wa kuzungukwa kwa mji alishikwa na homa kali. Akaagiza zaburi za toba zibandikwe ukutani, karibu na kitanda chake. Akazisoma kila siku kwa machozi. Alikufa tarehe 28 Agosti, mwaka ule ule, akiwa na miaka 75.

Baadaye watu waliuhama mji, na adui wakauchoma moto. Lakini vitabu vya Augustino viliokoka, navyo vinasomwa hata leo.

Kufunga mlango usiku ni busara. Lakini mwenye kutumainia mlango tu, akamsahau Mungu, hana mlinzi.