Semei Kakungulu: Mtu Aliyeujenga Mji Wetu kwa Bunduki



Ukimtaja Kakungulu mbele ya wanafunzi Waislamu wa Uganda, wengi wetu humfikiria Mwanamfalme Badru Kakungulu, kiongozi wetu aliyefariki mwaka 1991, yule aliyetoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Huyo Mungu amrehemu, lakini siye ninayemwandika leo. Ninamwandika Semei Kakungulu, aliyefariki mwaka 1928. Katika ujana wake alipigana vita dhidi ya Waislamu, katika utu uzima wake akauanzisha mji wa Mbale, na mwisho akazikwa akiwa mfuasi wa dini ya Kiyahudi. Tunatembea kila siku katika mji wake, na wengi wetu hatujui habari zake.

Mimi ni mkazi wa Nalufenya, Jinja. Mtaa wetu ukitajwa, watu hukumbuka kituo cha polisi na mahabusu yake iliyofungwa mwaka 2018, kama kwamba hatuna masoko wala misikiti. Ndiyo maana ninajua jinsi mahali panavyoweza kubeba jina la maumivu. Mbale ni kinyume chake. Mbale inasifiwa kwa usafi wake wa zamani, kwa Mlima Elgon na kwa kahawa, na maumivu yake hayasemwi hadharani.

Kijana wa ikulu

Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1868 huko Kooki, kusini-magharibi ya Buganda. Hakuwa Muganda wa kuzaliwa, ila alikwenda kutafuta bahati katika utawala wa Kabaka, akajulikana kwa uwindaji wa ndovu na ujasiri. Alijifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiingereza na akawa Mprotestanti.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Kabaka Mwanga. Haukupita muda mrefu wakagombana wao kwa wao. Waislamu walishika nchi na kumtawaza Kalema, na Wakristo wakakimbilia Nkore. Katika vita vya 1889 na 1890 vilivyomrudisha Mwanga, Kakungulu alikuwa miongoni mwa majemadari wakubwa wa upande wa Wakristo. Waislamu walishindwa, na tangu hapo nafasi yao katika Buganda ikawa ndogo. Kwa hiyo msomaji Mwislamu ana sababu ya kumwangalia mtu huyu kwa jicho la chuki. Naomba asubiri kidogo.

Bunduki ng'ambo ya Kyoga

Baada ya vita Kakungulu alipewa cheo cha Kimbugwe, lakini hakuelewana na Katikiro Apolo Kagwa. Mji mkuu haukuwatosha wote wawili. Akaondoka kwenda Bugerere, na kutoka huko akaanza kutazama mashariki. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwa pamoja na Kanali Evatt katika nchi ya Lango, walipotekwa Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia huko. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki akiwa njiani, hapa kwetu Mpumudde, Jinja, bila kuiona Bunyoro tena.

Kutoka mwaka huo wa 1899 Kakungulu alivuka na jeshi lake binafsi, akajenga ngome moja baada ya nyingine katika Teso na Bukedi. Hata jina Bukedi lilitokana na midomo ya Baganda, na lilibeba dharau ya nchi ya watu walio uchi. Wenyeji walikuwa na mikuki, yeye alikuwa na bunduki. Ng'ombe walichukuliwa, vijiji vilivyokataa vilipigwa, na ardhi ikagawanywa kwa wafuasi wake kana kwamba haikuwa na wenyewe. Makao yake makuu yalikuwa Budaka. Anayesafiri leo kwa barabara ya Tirinyi kutoka Jinja kwenda Mbale hupita Budaka, na dereva husimama tu kushusha abiria.

Tusiseme kwamba yalikuwa mambo ya wakati ule tu, basi yaishe. Wazo lililomwongoza lilikuwa kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kutawala na mengine kutawaliwa. Waingereza walilipenda wazo hilo, kwa sababu liliwapunguzia gharama. Afisa mmoja wa Kizungu hangeweza kuitawala nchi yote ile, lakini maajenti wa Kiganda waliweza kuishika kwa niaba yake.

Mbale

Kakungulu aliamini kwamba Sir Harry Johnston, aliyeandaa Mkataba wa Buganda wa 1900, alikuwa amemwahidi ufalme wa Bukedi. Ufalme haukuja. Mwaka 1902 Waingereza walimtaka aiachie Budaka, wakampa maili 20 za mraba chini ya Mlima Elgon. Pale ndipo alipoijenga Mbale. Alipasua barabara pana, akapanda miti na migomba, akakaribisha wafanyabiashara. Waswahili, Waarabu na Wahindi walikuja, na misafara ya pembe za ndovu ikaanzia hapo kwenda Karamoja. Baada ya muda mfupi Waingereza wenyewe waliona mji wake ni bora kuliko Budaka, wakahamishia ofisi zao huko.

Hapo ndipo penye ugumu wa habari yake. Barabara zilikuwa nzuri kweli, na miti ilileta kivuli kweli. Lakini ardhi ilikuwa ya Bagisu, na waliolima na kubeba mizigo hawakuwa wamekuja kuomba kazi. Kwa miaka mingi maajenti wa Kiganda waliendelea kutawala katika Bugisu, Kiganda kikawa lugha ya ofisi na ya kanisa, na mwenyeji aliyekaidi aliadhibiwa. Mbegu hiyo ilizaa. Uhuru ulipokaribia, Bugisu na Bukedi ziligombania mji wa Mbale, kila upande ukidai kuwa ni wake.

Jinja, na ngazi isiyo na mwisho

Mwaka 1906 Waingereza walimtoa Mbale wakampeleka Jinja awe rais wa Lukiiko ya Busoga. Kwa macho ya watu ilikuwa heshima. Kwa hakika walimwondoa mahali alipokuwa na nguvu, wakamweka juu ya machifu wa Basoga ambao hawakumwomba aje. Alikaa mpaka 1913, kisha akarudi Mbale akiwa chifu tu wa saza, katika nchi aliyodhani ni ufalme wake.

Mimi naona hapa ndipo maisha yake yanapotufundisha zaidi. Aliipanda ngazi ya makabila akiwakanyaga waliokuwa chini yake, akidhani kwamba juu kuna nafasi yake. Alipofika juu akamkuta Mzungu amekaa, na ngazi ile ile iliyomruhusu kumdharau Mgisu ikamruhusu Mwingereza kumtumia na kumwacha.

Dini ya mwisho

Aliporudi Mbale aliikataa serikali kwa njia ya dini. Alijiunga na Bamalaki, kundi la Kikristo lililopinga dawa na chanjo. Aliendelea kusoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akaamua kutahiriwa yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia tohara ni jambo la Wayahudi, naye akajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi wao ni Wayahudi. Alihamia Gangama, karibu na Mbale, na jumuiya aliyoianzisha inaitwa Abayudaya mpaka leo. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Tukumbuke kwamba katika Buganda ya ujana wake tohara ilikuwa alama ya Mwislamu, na mwaka 1876 Kabaka Mutesa aliwaua vijana wa Kiislamu walioishika dini yao mbele yake. Mtu aliyepigana na waliotahiriwa akafa naye ametahiriwa, anamwabudu Mungu mmoja na hali nguruwe. Allah ndiye Mjuzi wa mwisho wa kila mtu.

Wafuasi wake nao walionja kudhulumiwa. Chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, na jumuiya ikabaki na watu mia chache. Aliyewafanyia hivyo alijiita Mwislamu. Hilo nalo tulitaje, tusitaje maumivu yetu peke yake. Na tutaje pia kwamba mwaka 2004 wakulima wa kahawa Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa vijiji vya Mbale walianzisha chama cha ushirika, wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Tumpime vipi?

Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofunguliwa Mbale mwaka 1988, kilikaribishwa na mji uliotokana na mikono ya Kakungulu na jasho la Bagisu. Wanafunzi wanatoka Buganda, Busoga, Teso, West Nile, Kenya, Tanzania na mbali zaidi. Katika hosteli bado husikika mzaha kwamba fulani ni wa kabila la watawala na fulani ni wa kabila la watumwa. Mzaha huo una umri wa zaidi ya miaka mia moja na uliletwa na bunduki.

Dini yetu inatuamrisha tuwe waadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na inatukataza kujiona bora kwa nasaba. Uadilifu kwa Kakungulu ni kusema kwamba alijenga, na kusema alijenga juu ya ardhi ya nani. Uadilifu kwa Bagisu ni kuwauliza wazee wao wanakumbuka nini, kabla hatujasifu barabara. Wazee hao wapo karibu na chuo, na wengine tunaswali nao Ijumaa. Mwenye nafasi awaendee muhula huu, maana kila mwaka wanapungua.

Wabillahi tawfiq.