Florence Nightingale na Mgonjwa wa Macho Turkana

Wengi humkumbuka Florence Nightingale kwa taa aliyoishika usiku wodini. Sifa hiyo anaistahili, lakini imefunika somo kubwa zaidi la maisha yake, nalo linawahusu wauguzi wa Lodwar na Kakuma.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1820 mjini Florence, Italia, na wazazi Waingereza wenye mali. Jamaa zake walipinga vikali azma yake ya kuwa muuguzi, kwani kazi hiyo ilidharauliwa. Hakutetereka, mwaka 1851 alijifunza uuguzi Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1854 aliongoza wanawake 38 hadi Scutari, Uturuki, kuwauguza askari wa vita vya Crimea, ambao wengi wao waliuawa na maradhi wala si majeraha.

Huko alitenda jambo lisilosimuliwa sana. Maofisa waliamini kwamba askari wa kawaida ni mlevi asiyeweza kujitawala. Yeye aliwafungulia chumba cha kusomea, akawawekea utaratibu wa kupeleka mishahara makwao. Maelfu ya pauni yaliwafikia wake na wazazi. Walioaminiwa kuwa wanaweza, waliweza.

Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alionya kwamba hofu na kutojua litakalotokea humdhuru mgonjwa, akakemea pia tabia ya kumliwaza kwa matumaini matupu. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London.

Onyo hilo ndilo kiini cha kumhudumia anayepasuliwa jicho kwa sababu ya glakoma. Upasuaji hupunguza presha ya jicho ili kulinda uoni uliosalia, uliopotea haurudi. Asiyeelezwa hivyo mapema atadhani amedanganywa, na huenda asionekane tena kliniki. Naye anayetoka Lodwar kurejea Kakuma, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, hafuatani na muuguzi. Ni yeye atakayetia matone kwa saa zake, ajizuie kusugua jicho penye vumbi, aache kwa muda kubeba madumu ya maji, na atambue kwamba maumivu, wekundu au kufifia kwa uoni humtaka arudi hospitali upesi.

Uwezo huo hauletwi na kukaripiwa. Muuguzi na amwache mgonjwa ajitie matone mbele yake, amsahihishe, arudie hadi mkono uzoee. Amkutanishe na aliyepasuliwa awali na anayejitunza vyema. Amweleze kwa Kiturkana, Kisomali au Kidinka, kisha amwombe asimulie alichoelewa. Methali ya kwamba asiyejua maana haambiwi maana haina nafasi wodini.

Nightingale mwenyewe alipotewa na uoni uzeeni, akafariki mwaka 1910 akiwa na miaka 90. Taa yake imesifiwa vya kutosha. Wakufunzi wa uuguzi watamuenzi zaidi wakimpima mwanafunzi kwa yale ambayo mgonjwa wake anaweza kujifanyia siku anapoondoka hospitali.